Ken Scott Hakubahatisha

Akitajwa Ken Scott, mwandishi na mwongozaji wa vichekesho kutoka Kanada, hutokea mtu akasema ana filamu moja tu, Starbuck, na riziki yake yote inatoka humo. Si kweli.

Starbuck ilitoka 2011. Miaka minane kabla yake Scott alikuwa mmoja wa watu waliojulikana Québec kwa mswada wa La Grande Séduction, filamu aliyoiongoza Jean-François Pouliot. Kijiji cha wavuvi kinataka kiwanda, na kiwanda hakiji bila daktari. Daktari akifika, wanakijiji wanajifanya wapenzi wa kriketi kwa kuwa yeye anaipenda, ingawa hata kanuni zake hawazijui. Akienda kuvua, mpiga mbizi anamtundikia samaki kwenye ndoana, tena samaki aliyegandishwa. Unacheka sana, lakini unajua watu hawa wamechoka kupanga foleni ya hundi za serikali. Wanadanganya kwa sababu wanataka kazi.

Wapo wanaosema vichekesho vya Québec haviendi mbali. Filamu hii ilipata tuzo ya watazamaji Sundance mwaka 2004, ikatengenezwa upya kwa Kiingereza hukohuko Kanada, kisha Ufaransa na Italia.

Kwamba yeye ni mtu wa utani tu? Mswada wa Maurice Richard, filamu ya 2005 juu ya nguli wa hoki, ni wake.

Lipo dai lenye uzito: Delivery Man ya 2013, yaani Starbuck iliyotengenezwa upya Hollywood, inaifuata ile ya awali karibu tukio kwa tukio. Ni kweli, na mimi naipenda zaidi ile ya kwanza. Hata hivyo, Hollywood ilimkabidhi mwenyewe aiongoze, heshima ambayo waandishi wengi hawaipati. Na hadithi yenyewe ina ujasiri. David, msambazaji wa bucha ya familia, anaambiwa ana watoto 533 kutokana na mbegu alizouza ujanani, na 142 wanadai waambiwe yeye ni nani. Mmoja ana ulemavu mkubwa na hazungumzi. David anaenda kukaa naye, basi. Mwandishi mwoga angetia utani pale.

Hollywood ilimmaliza, wanasema. Unfinished Business ya 2015, aliyoiongoza yeye, ilianguka kweli, ila mswada wake uliandikwa na Steven Conrad. Mwaka 2025 Scott alitoa filamu ya Kifaransa, Ma mère, Dieu et Sylvie Vartan: mama anakataa katakata kuambiwa kwamba mwanawe, aliyezaliwa na mguu uliopinda, hatatembea kama wenzake. Aliyemalizwa haandiki mama wa namna hiyo.