Je, Mashine Ina Fahamu? Hoja kutoka Mitaa ya Eastlands

Limezuka miongoni mwa wanataaluma wetu dai kwamba mashine zinazotunga sentensi zimekwisha kuifikia fahamu ya binadamu. Wanaolitetea humtegemea Alan Turing, ambaye mwaka 1950 alipendekeza kwamba mashine ipimwe kwa uwezo wake wa kumwiga mtu katika mazungumzo. Lakini Turing alikuwa akijadili kufikiri. Ni wenzetu walioruka kutoka kufikiri hadi fahamu. Twalipinga dai lao, na twalipinga kwa misingi ya taaluma yetu wenyewe.

Tuitazame Sheng, ambayo chimbuko lake huhusishwa na mitaa ya Eastlands kama Kaloleni, Bahati, Makongeni na Jericho, ambako familia zenye lugha za mama mbalimbali zilibanana katika nyumba ndogo za wafanyakazi. Humo polisi ana majina chungu nzima: karao, sanse na mengineyo. Anayedhani kwamba hivi ni visawe tu hajauelewa mtaa. Neno hutupwa pale anayefichwa anapokwisha kulijua, na jingine hubuniwa kwa hofu, kwa dhihaka, kwa hamu ya kutambuliwa na wenzi. Mashine yaweza kuyakusanya maneno hayo yote na kuyapanga barabara, lakini haina wa kumkimbia. Atajibu mtu kwamba hofu nayo ni taarifa tu zinazopita katika mishipa ya fahamu. Na iwe hivyo. Bado atatakiwa kutuonyesha ni nani, ndani ya mashine, anayeogopa.

Wahakiki nao wana sehemu yao ya lawama. Tangu Roland Barthes atangaze kifo cha mwandishi mwaka 1967, wapo waliofundisha kwamba matini hujitosheleza. Leo mwanafunzi akiwaletea shairi lililotungwa na mashine, watalikataa kwa hoja gani? (Tungefurahi kulisikia jibu lao.)

Lakini ushahidi mzito zaidi uko hapa hapa Nairobi. Mnamo Januari 2023 jarida la TIME la Marekani lilifichua kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama jijini humu walikuwa wakilipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa ili wasome na kuainisha maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono wa watoto, mauaji na mateso. Kwa kazi yao hiyo, mitambo ya kampuni ya OpenAI, yenye ChatGPT, ilifunzwa kuyatambua na kuyachuja. Baadhi yao walieleza kwamba kazi hiyo iliwajeruhi kiakili. Staha inayosifiwa leo kana kwamba ni dhamiri ya mashine ilichotwa katika chukizo la watu hao. Sama ilikatiza kazi hiyo Februari 2022. ChatGPT ilipotolewa kwa umma Novemba mwaka huo, ilipongezwa kwa adabu yake, na majina ya waliosoma hayakutajwa popote katika pongezi hizo.