Mashine ya Nyasi Ichaguliwe na Mwenye Kuisukuma

Wazee wetu wa mwambao hawakuwa na haja ya mashine ya kukatia nyasi, kwa sababu ua wa nyumba zao ulikuwa mchanga mtupu uliofagiliwa kila alfajiri kwa ufagio wa chelewa, na jani lililothubutu kuota karibu na mlango lilihesabiwa kuwa maficho ya nyoka na aibu ya mwenye nyumba. Zama zimebadilika, na leo hapa Tanga, kama katika miji mingi ya pwani, mtu aliyejaliwa kiwanja chenye nafasi hupenda kupanda ukoka au paspalamu mbele ya baraza yake, ajipatie kijani machoni na ubaridi miguuni. Sina ugomvi na mapenzi hayo, maana mimi mwenyewe ni miongoni mwa walionaswa nayo. Ugomvi wangu ni juu ya namna tunavyoingia dukani kununua chombo cha kuutunza ukoka huo, tukauliza nguvu ya injini na upana wa kisu, tusiulize hata mara moja ni nani atakayekisukuma wala ni vitu gani vitakavyosimama mbele yake.

Nami nilikosea kosa hilo hilo, tena kwa fahari. Nilinunua mashine ya petroli yenye upana wa sentimita 53, ambayo magurudumu yake ya nyuma hujiendesha yenyewe kwa nguvu ya injini, nikaileta nyumbani juu ya mkokoteni mchana kweupe, majirani wakiona. Ua wangu una nyasi zipatazo mita 100 za mraba, na ndani ya eneo hilo pana miembe miwili, mdimu, mwasumini uliozungushiwa mawe ya matumbawe, kisima, tangi la maji juu ya jukwaa lake, nguzo mbili za kamba ya kuanikia nguo, na chemba mbili za maji machafu ambazo vifuniko vyake vimeinuka juu ya ardhi kiasi cha vidole vinne. Mtunza bustani wangu aliizunguka mashine ile mara moja, akatazama mdimu, akatazama ukuta, kisha akasema kwa upole, “Mzee, hii ni ya uwanja wa mpira.” Niliyadhania maneno yake kuwa ni uvivu. Kumbe yalikuwa elimu.

Natuifanye hesabu ambayo muuza duka hakunifanyia. Uwanja wa mita 100 za mraba ukikatwa kwa mashine ya sentimita 53 humtaka mtu atembee mita 189 hivi; kwa mashine ya sentimita 40, mita 250; na kwa ya sentimita 30, mita 333. Tofauti baina ya kubwa na ndogo ni mita 144, ambazo ni mwendo wa dakika mbili na nusu kwa mtu asiye na haraka. Upana, basi, ambao ndio tunaoulipia fedha nyingi, katika ua mdogo hutuokolea muda usiotosha kunywa kikombe cha kahawa. Lakini kila kizuizi humlazimisha msukumaji asimame, arudi nyuma, ageuze, azunguke, na mashine ikiwa pana na nzito mageuzi hayo ndiyo yanayokula asubuhi yake. Zaidi ya hayo, kisu hakifiki mpaka ukingo wa bati linalokifunika, hivyo kuzunguka kila shina na kila nguzo hubaki ukanda wa nyasi ndefu ambao, mashine iwe ya thamani gani, hauna budi kumalizwa kwa fyekeo au mkasi. Na baina ya mdimu wangu na ukuta pana nafasi ya sentimita 45 tu. Mashine yangu ya fahari haikupita hapo hata siku moja.

Asili ya chombo hiki yaweza kutufumbua macho. Mwaka 1830, huko Stroud katika Uingereza, fundi mmoja aitwaye Edwin Budding aliitazama mitambo ya viwanda vya sufu iliyokuwa ikinyoa manyoya juu ya uso wa kitambaa ili kitoke laini, akatambua kwamba kilichonyoa kitambaa chaweza kunyoa ardhi. Akaunda gurudumu lenye visu vilivyopindwa, vinavyozunguka na kupita juu ya kisu kimoja kilichotulia, vikakata kama mkasi. Pale ambapo wenye bustani kubwa walikuwa wakitumia watu wenye miundu mirefu, mashine ikaanza kusukumwa. Aina ile ipo hata leo, karibu haijabadilika. Haili petroli, haipigi kelele, wala hairushi mawe. Aibu zake ni mbili: ukiacha nyasi zikarefuka, mabua ya paspalamu hulala chini yake na kuinuka tena ikishapita, kana kwamba yamesujudu tu, na visu vyake hutaka kurekebishwa kwa subira, mpaka kipande cha karatasi kikitiwa baina yake kikatike bila kuchanika.

Aina ya pili ndiyo iliyojaa madukani, yenye kisu kimoja kilicholala kama panga na kuzunguka kiasi cha mara 3,000 kwa dakika, kisichokata kwa ukali kama kinavyokata kwa kasi. Hii haichagui: baada ya wiki mbili za mvua za masika, nyasi zikiwa magotini, yenyewe hupita. Walakini haichagui pia baina ya jani na kokoto, kifuu cha nazi au ndala ya mtoto, vyote hivyo huvitupa kwa nguvu ya kutisha. Iliyo ya umeme wa waya ni nyepesi na bei yake si mbaya, bali katika ua wenye vizuizi waya ule huzunguka miti kama kamba ya mbuzi aliyefungwa kigingini, na siku msukumaji atakapoghafilika ataukata kwa mkono wake mwenyewe. Ya betri haina waya wala moshi, nazo zipo zisizofikia kilo 15; ila ghali. Kabla hujaitoa fedha yako, mwulize muuzaji kama atakuwa na betri ya pili miaka mitatu baadaye, kisha utazame uso wake anapojibu.

Utaambiwa kwamba dawa ya vizuizi vyote ni mashine ya begani yenye uzi wa nailoni. Nayo ina kisa chake. George Ballas, mkazi wa Houston katika Marekani, mtu aliyepata kuwa mwalimu wa dansi, alikuwa na kiwanja chenye miti mingi, na mwaka 1971, akiwa ndani ya gari lake huku brashi za mashine ya kuoshea magari zikizunguka na kusugua bila kukwaruza rangi, alipata wazo la nyuzi zinazozunguka. Akatoboa kopo, akapitisha nyuzi za kuvulia samaki, akalifunga kwenye mashine yake. Ni wazo la werevu mkubwa. Lakini gome la mwembe mkubwa si gome la mche, na uzi ule ukilizunguka shina changa kila wiki huondoa ganda lote kama pete, ambalo ndilo njia ya chakula kishukacho kutoka majanini kwenda mizizini. Mkomamanga wangu ulikauka hivyo, nami nikiulaumu mchwa muda wa miezi miwili.

Dawa iliyo bora zaidi haiuzwi na muuza mashine. Ondoa nyasi kuzunguka kila mti kiasi cha hatua moja, ujaze hapo makumbi ya nazi, ambayo katika pwani yetu hutupwa bure. Miti iliyokaribiana iunganishe katika tuta moja lenye ukingo mpana wa kupinda polepole, ili visiwa vitatu viwe kisiwa kimoja. Na vifuniko vya chemba vitiwe udongo kandokando mpaka gurudumu liweze kupita juu yake. Sisi tulifanya hivyo kwa siku mbili. Vizuizi kumi vikapungua vikawa vitano, na haja ya mashine kubwa ikaondoka pamoja navyo.

Lililobaki ni neno zito kuliko yote. Wengi wetu tuliojenga nyumba zenye ukoka hatukati nyasi zetu. Hukata mtu tunayemlipa ujira mdogo, mara nyingi akiwa amevaa kandambili mbele ya kisu kinachozunguka mara 3,000 kwa dakika, nasi tumekaa barazani tukisoma gazeti. Tunamchagulia chombo kwa mizani ya fahari yetu, kisha tunamhesabia ajizi kinapomshinda. Mtu huyo apelekwe dukani. Aishike mipini aone kama inamfikia kiunoni au kifuani, aisukume mashine na kuigeuza baina ya magunia na ndoo, ainyanyue kama atakavyoinyanyua penye ngazi, naye aseme. Na fedha itakayosalia kwa kuacha kununua sentimita zisizo na kazi imnunulie viatu vya kufunika vidole.

Ile kubwa niliiuza kwa hasara kwa shule moja yenye kiwanja. Mtunza bustani wangu alichagua ya kusukuma kwa mkono, ya visu vya kuzunguka, upana wa sentimita 35, kwa sharti kwamba wakati wa masika nimlipe kwa kukata mara mbili kila wiki badala ya mara moja. Nikakubali, maana petroli niliyokuwa nikinunua ilikaribia kutosha kulipia siku hiyo ya pili. Ijumaa iliyopita nilikuwa barazani naye akikata, na sauti ya visu vyake haikuzidi ya mkasi wa kinyozi. Alipofika karibu na kisima mashine ilisimama ghafula. Akainama, akachomoa katikati ya visu ndala ya mjukuu wangu, imeumwa kidogo ukingoni, akairusha mpaka miguuni pangu, akaendelea kukata.