Dawa za kupunguza unene: Kalamu za mpakani zaweza kuwatokea puani wakazi wa Jinja na Mbale

Mkazi wa Jinja au Mbale anayetaka dawa ya kupunguza unene ana njia mbili. Moja ni ya daktari na famasi yenye leseni. Nyingine ni kumwagiza mtu anayevuka Busia, Malaba au Lwakhakha. Hii ya pili haina foleni wala cheti, na ndiyo maana inavutia.

Dawa inayotajwa zaidi ni semaglutide, inayouzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy. Ozempic ni ya kisukari cha aina ya pili, ingawa umaarufu wake umetokana na kupunguza mwili. Wegovy ndiyo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa ajili ya unene. Sindano zake za kalamu hudungwa mara moja kwa wiki, kwa cheti cha daktari.

Kwa mchuuzi wa mpakani, hapo ndipo hesabu inapogoma. Utaratibu rahisi wa forodha wa Afrika Mashariki, unaopitisha mzigo usiozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya; kalamu ya Denmark haimo. Dawa ya biashara huingia Uganda kwa kibali cha Mamlaka ya Taifa ya Dawa (NDA), na kusajiliwa Kenya hakuihalalishi Uganda. Kituo cha pamoja kilichozinduliwa Busia mwaka 2018 kilipunguza foleni, hakikufuta kibali.

Hata hivyo, joto ni tatizo kubwa kuliko karatasi. Kalamu isiyofunguliwa yapasa kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Ikishinda ndani ya buti la teksi, kisha ikalala dukani umeme umekatika, mnunuzi hawezi kujua kwa kuitazama tu kama bado inafaa.

Halafu kuna bandia. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa tahadhari juu ya matoleo matatu ya Ozempic bandia yaliyonaswa Brazil, Uingereza na Marekani. Nchini Austria, mwaka 2023, watu walilazwa hospitali sukari ikiwa imeshuka vibaya, na wakaguzi wakashuku kuwa kalamu zao zilikuwa na insulini. Ikiwa huko bandia zilipenya, duka la kichochoroni litanusurika vipi?

Njia salama ni ndefu kidogo. Inaanzia kwa daktari, mathalani katika hospitali za rufaa za Jinja na Mbale, atakayepima sukari na kuuliza kuhusu ujauzito, kongosho na saratani ya tezi la shingo katika ukoo. Dozi huanza na miligramu 0.25 na kupandishwa kila baada ya wiki nne. Anayeanzia dozi ya jirani yake hujitakia kutapika. Duka dogo la dawa haliruhusiwi kuuza dawa za cheti. Ni famasi yenye mfamasia, iliyomo katika orodha ya NDA, inayotoa kalamu kwenye friji na kuandika namba ya toleo kwenye risiti.

Kuhusu bei, macho yako India, inakotoka sehemu kubwa ya dawa za Uganda. Hataza ya semaglutide huko ilipangiwa kumalizika Machi 2026, jambo linalowafungulia mlango watengenezaji wengine. Lakini kila toleo jipya litapaswa kusajiliwa na NDA kwanza, na anayelileta kabla ya hapo, hata likiwa halisi, ni mlanguzi tu.