Soya: mzigo hai unaoweza kufia kwenye foleni ya mpakani

Mfanyabiashara anayenunua soya Zambia au Malawi hutazama bei, unyevu wa punje na nauli ya lori. Ni wachache wanaotazama mizizi. Hata hivyo, wingi wa mzigo wa msimu ujao huanzia huko.

Kwenye mizizi ya soya huishi bakteria wa jamii ya Bradyrhizobium. Hujenga vinundu, hunasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Huko Brazil karibu soya yote huwategemea hao, si mbolea ya naitrojeni ya dukani.

Tatizo ni kwamba bakteria hao hawalingani. Asili ya soya ni Asia ya Mashariki, na mashamba mengi ya Afrika hayana bakteria wake halisi. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa wale wa kienyeji hutofautiana sana kutoka eneo hadi eneo: wapo hodari, na wapo wanaojenga vinundu visivyo na faida. Ndiyo maana taasisi ya IITA ya Ibadan, Nigeria, ilianza katika miaka ya 1970 kuzalisha mbegu za TGx zinazokubali bakteria wa kienyeji. Zimbabwe ilishika njia nyingine: kiwanda cha serikali cha Marondera kilianza kutengeneza kichanjio, yaani unga wenye bakteria walioteuliwa unaopakwa kwenye mbegu, katika miaka ya 1960.

Hapo ndipo msafirishaji anapoingia. Kichanjio huuzwa kwenye pakiti, lakini ni mzigo hai. Lori likikaa juani siku kadhaa kwenye foleni, tuseme Tunduma, bakteria hufa na pakiti hubaki na sura ileile. Mkulima atapaka vumbi tupu, atavuna kidogo, na mnunuzi atakosa mzigo.

Kwa hiyo, anayetaka biashara hii aanze na kibali cha afya ya mimea kabla ya kupakia, asome tarehe ya mwisho wa matumizi, na aweke pakiti kivulini, mbali na injini na turubai lenye joto. Aulize pia kama bakteria hao wamejaribiwa kwenye udongo wa huko wanakokwenda.

Na mnunuzi wa soya akitembelea shamba wakati wa maua, ang'oe mche mmoja na kupasua kinundu. Kikiwa chekundu ndani, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, atafute mzigo kwingine mapema.