KIPINDUPINDU KISINGOJEWE MASIKA

Wazee wa visiwa hivi wanaukumbuka mwaka 1978, pale kipindupindu kilipozuka katika kijiji cha wavuvi, wakaugua watu 411 na kufariki 51. Wala hayakuwa maradhi mageni Unguja. Dakta James Christie, aliyekuwa akitibu watu hapa mjini wakati wa janga la 1869 na 1870, aliyaandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1876.

Katika mripuko wa 2015 na 2016 watu zaidi ya 4,000 waliugua na zaidi ya 60 wakafariki. Serikali ilifunga skuli na kupiga marufuku uuzaji wa vyakula na vinywaji njiani. Hatua hizo hatuzilaumu. Moto ukishawaka, huzimwa kwa chochote kilicho karibu. Lakini muuza sharubati hakuyachafua yeye maji aliyoyatumia. Aliyateka kisima kile kile alichoteka jirani yake. Yeye alifungiwa riziki yake. Karo iliyochimbwa hatua chache kutoka kisimani haikuguswa na mtu.

Hapo ndipo penye shina la jambo. Sehemu kubwa ya kisiwa chetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, yenye matundu, na uchafu wa chooni hupenya humo mpaka kwenye maji ya chini kwa chini. Masika yakianza, mitaa ya bondeni pembezoni mwa mji hufurika na makaro hutapika. Hata bomba halina salama likitoa maji kwa zamu: msukumo ukikatika, palipotoboka hunyonya maji ya mtaroni, na asubuhi mama hukinga ndoo akidhani anakinga maji safi.

Chanjo ina faida yake. Mwaka 2009 ilitolewa katika baadhi ya shehia za Unguja na Pemba, na waliomaliza dozi zote mbili walikingika vyema. Hata hivyo waliozimaliza walikuwa takriban nusu tu ya waliokusudiwa, na kinga yenyewe hupungua kadiri miaka inavyopita. Bomba zima halihitaji dozi ya pili.

Zanzibar ilijiwekea mpango wa miaka 10, kutoka 2018 hadi 2027, wa kuyatokomeza maradhi haya, na maji na usafi vimo ndani yake. Tunawaomba wahusika watangaze, shehia kwa shehia, ni mabomba mangapi yaliyobadilishwa, visima vingapi vilivyopimwa na majibu yake yalikuwaje. Wananchi nao, hasa wenye nyumba za kupangisha, waache kuchimba karo kando ya kisima kwa kubana kiwanja, na masheha wasilifumbie jicho jambo hilo kwa kuoneana haya. Upimaji huo ufanywe wakati wa kiangazi, mafundi wanapoweza kuingia mitaani, na orodha yake ibandikwe katika ofisi ya kila sheha kabla ya mwezi wa Machi.