Bastola za Magnum: thamani iko kwenye karatasi

Huko Marekani kuna watu wenye kutumia miaka mingi kutafuta kitu kimoja tu: revolva, yaani bastola za silinda, za Magnum, zenye kalibri ambazo karibu hakuna anayezitumia tena. Kwa mkaaji wa Goma, Bukavu au Bunia, mapenzi ya namna hiyo yanafanana na wazimu. Kwetu bunduki ni kitu cha kukimbia, si cha kupanga ndani ya kabati ya vioo. Hata hivyo, kazi ya wakusanyaji hao ina somo moja linalotuhusu.

Revolva za Magnum zilianza mwaka 1935, wakati kampuni ya Smith & Wesson ilipotoa bastola ya kalibri .357. Za kwanza zilitengenezwa moja moja kufuatana na maombi ya mnunuzi, kila moja na namba yake ya kuandikishwa, na mwenyewe alipewa cheti. Namba ya kwanza ilimwendea J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI. Utaratibu huo ulisimama kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Leo mkusanyaji anayepata bastola hiyo pamoja na cheti chake anajiona mwenye bahati.

Nyingine ni adimu kwa sababu zilishindwa. Mwaka 1961 kampuni hiyo hiyo ilitoa Model 53, ya risasi ndogo na ya kasi iitwayo .22 Jet. Ganda lake lilikuwa na shingo kama ya chupa. Mafuta kidogo yakibaki ndani ya silinda, ganda lilisukumwa nyuma na silinda ikakwama. Mwaka 1974 kiwanda kiliachana nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Ruger ilijaribu .357 Maximum; gesi ya moto ikawa inakula chuma kilicho juu ya silinda, na bastola hiyo haikudumu sokoni. Wapiga risasi walizikataa, wakusanyaji wanazigombania.

Lakini uchache peke yake hautoshi. Chukua bastola mbili zilizotoka kiwanda kimoja. Moja ina kisanduku chake na barua ya kiwanda inayoeleza siku iliyotoka na duka lililoipokea. Nyingine namba yake imekwanguliwa. Ya kwanza ni mali. Ya pili inaweza kumpeleka mtu gerezani, kwani sheria ya Marekani inakataza kumiliki bunduki ya namna hiyo. Tangu 1968, kila mtengenezaji na kila mwingizaji analazimika kuweka namba kwenye silaha. Na mkusanyaji mwenye leseni ya serikali kuu lazima aandike katika daftari kila silaha ya zamani anayoipata na kila anayoiuza.

Hiyo haifanyi Marekani kuwa mfano wa kuigwa katika yote. Sheria ya 1986 inakataza serikali kuu kuunda daftari moja la bunduki za nchi nzima, na mwaka 2021 peke yake zaidi ya watu elfu 48 walikufa kwa risasi. Karatasi haizuii mkono wa muuaji. Ila inasaidia kujua bunduki ilipita wapi.

Hapo ndipo sisi tunakosa. Mashariki mwa Congo, nani anaweza kusema bunduki iliyoua mtu jana usiku iliingia nchini lini, ilipewa nani, na ilitokaje mikononi mwake? Mwishoni mwa Januari 2025, Goma ilipoanguka mikononi mwa M23, silaha zilitupwa barabarani na watoto wakazipita wakienda kuchota maji. Bunduki ya namna hiyo, isipoandikwa na mtu yeyote, inaweza kuhama kutoka kwa askari hadi kwa mwasi, na kutoka kwa mwasi hadi kwa jambazi wa mtaani.

Wajibu unajulikana. Itifaki ya Nairobi, ambayo Congo ilitia sahihi mwaka 2004, inadai silaha zitiwe alama na kuandikwa. Kila mpango wa kupokonya silaha unapaswa kuanza na daftari: namba ya bunduki, siku iliyopokelewa, fasi iliyotoka, na siku iliyoharibiwa mbele ya mashahidi. Mkusanyaji wa Marekani anafanya hivyo kwa bastola ambayo pengine hataipiga hata siku moja. Wenye mamlaka kwetu hawana kisingizio cha kutofanya hivyo kwa bunduki zinazoua raia.