Tamko kwa Umma Kuhusu Kujinyima Kula, Kisukari na Moyo

Sisi wanachama wa chama cha watu wanaoishi na kisukari tunatoa tamko hili kwa sababu ya ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye simu, usemao kwamba mwenye kisukari akishinda na mlo mmoja, moyo wake utapona na dawa atazitupa.

Ujumbe huo una chembe ya ukweli, ndiyo maana umewanasa wengi. Mwaka 2011 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walieleza habari za wagonjwa 15 wenye unene na kisukari aina ya pili, waliokula kalori 500 kwa siku kwa miezi minne. Picha za MRI zilionyesha kuwa mafuta yanayouzunguka moyo yalipungua kutoka wastani wa mililita 39 hadi 31. Baadaye uzito ulianza kurudi. Mafuta yale karibu hayakurudi. Habari njema, hatuikatai.

Lakini kalori 500 ni kitu gani? Ni kama gramu 140 za unga wa sembe kabla haujasongwa, basi, kwa siku nzima. Mboga ya nazi haimo, wala chai ya maziwa. Na wagonjwa wale walikuwa mikononi mwa madaktari. Katika utafiti mwingine wa kupunguza kalori, ule wa DiRECT wa Uingereza, dawa za sukari na za presha zilisimamishwa mlo huo ulipoanza. Huku kwetu mtu anaacha kula lakini vidonge anameza vilevile. Mwenzetu mmoja alilala bila chakula baada ya kumeza kidonge chake cha jioni cha kushusha sukari, glibenklamidi. Alfajiri mkewe alimkuta amelowa jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka. Maji ya sukari ndiyo yaliyomrudisha. Waliofunga Ramadhani wakiwa na kisukari wanalijua hili: kwanza daktari, dawa zipangwe upya, ndipo mfungo.

Tena, kupungua uzito peke yake si kinga ya moyo. Utafiti wa Look AHEAD wa Marekani ulifuatilia watu 5,145 kwa karibu miaka 10. Waliopunguza kalori na kufanya mazoezi walipungua uzito, sukari ikatulia, ila shambulio la moyo na kiharusi havikuwa vichache kwao kuliko kwa wenzao. Kwa hiyo dawa ya presha na ya lehemu asiiache mtu kwa sababu tu suruali imempwaya.

Tunawataka wanaosambaza ujumbe huo waache. Anayetaka kupunguza chakula aende kliniki na daftari lake na dawa zake zote, hasa anayechoma insulini. Nazo kliniki tunaziomba zimpe mtaalamu wa lishe chumba na muda. Dakika mbili dirishani, foleni ikisukuma nyuma, hazitoshi kumpangia mtu sahani.

Imetolewa na Kamati Tendaji, kwa niaba ya wanachama.